Rejeta haifi yenyewe



Leo nataka kuongelea rejeta. Ndiyo, rejeta, ile inayokaa mbele ya injini ya lori. Najua wapo watakaoguna: "Mwandishi mzima na digrii yake amekosa cha kuandika?" Naomba mnivumilie. Mikungu ya ndizi inayotoka Muleba kuja Bukoba, na mifuko ya saruji inayorudi huko, inabebwa na magari ambayo uhai wake unategemea maji yaliyomo kwenye sanduku hilo. Na wapo watu, hapa hapa mkoani kwetu, wanaokatwa mishahara kwa sababu ya sanduku hilo bila kosa lao.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Rejeta haifi yenyewe, inauawa. Anayefunga rejeta mpya bila kuifungua ile ya zamani akaona imekufa kwa ugonjwa gani, anatupa pesa. Na mara nyingine anatupa na ushahidi.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Dizeli ikiwaka ndani ya silinda, zaidi ya nusu ya nguvu yake haifiki kwenye matairi. Inageuka joto. Sehemu inatoka na moshi, sehemu nyingine inabebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini. Wota pampu inayasukuma maji, yanafika kwenye rejeta, yanapita kwenye mirija myembamba huku upepo ukipenya katikati ya mapezi, yanapoa, yanarudi kwenye injini kuchukua joto jingine. Mjerumani Wilhelm Maybach aliitengenezea Mercedes ya mwaka 1901 rejeta yenye vijirija zaidi ya 8,000 vilivyopangwa kama sega la nyuki. Umbo limebadilika tangu hapo, lakini kazi ni ileile.

Sasa njoo kwetu. Ukitoka Bukoba mjini unapanda Rwamishenye, unapita Kemondo, unapita Muhutwe, ndipo ufike Muleba, kama kilomita 70 hivi. Ni barabara ya kupanda na kushuka. Gari dogo halisikii kitu. Lakini Fuso iliyojaa mbao inapopanda kilima kwa gia ndogo, injini inafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote, na hapo hapo upepo wa mbele ni mdogo kwa sababu gari linatambaa. Tegemeo linabaki feni. Kwenye malori mengi mkanda unaozungusha feni ndio huo huo unaozungusha wota pampu. Ukilegea, upepo unapungua na mzunguko wa maji unapungua, vyote kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo shuleni tulilisoma tukalisahau. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa huo, na sisi tunaishi juu ya ziwa. Kwa hiyo huku kwetu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yule dereva wa Dar anayekwambia "mbona kwetu halichemshi" ana haki ya kushangaa.

Kinachotuokoa ni kifuniko. Watu wengi wanadhani kifuniko cha rejeta ni kizibo tu, kama cha dumu la mafuta ya kula. Kile kifuniko kina springi na raba, kazi yake ni kubana maji yapate presha, na maji yenye presha hayachemki upesi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, kinasogeza kuchemka hadi nyuzi 115 hivi kwa huku kwetu. Raba ikipasuka au springi ikichoka, unarudi kwenye nyuzi 96 zako. Kitu kidogo kuliko sahani ya chai ndicho kinachoamua kama gari litafika.

Haya yote nimeyajua vizuri katika gereji moja ya Rwamishenye. Mhariri alitaka habari fupi kuhusu malori yanayokwama milimani. Niliandika, ikatoka na aya sita. Haya ninayoandika hapa hayakupata nafasi.

Siku hiyo ililetwa Fuso ikivutwa. Ilikuwa imetoka Muleba na shehena ya mbao, ikachemsha baada ya kupita Muhutwe. Dereva ni mtu wa makamo, mkimya, shati limelowa jasho. Utingo wake ni kijana mdogo kuliko mimi, mkono wa kulia umefungwa kipande cha kanga kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa amefungua kifuniko injini ikiwa ya moto.

Wasiojua, naomba mnisikilize hapa. Maji yaliyofungiwa kwenye presha yanaweza kuwa na nyuzi 105 na yakawa bado ni maji. Ukifungua kifuniko presha inaondoka ghafla, na maji hayo yanageuka mvuke hapo hapo, yanaruka. Hakuna kitambaa kinachotosha. Zima gari, subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuutoa haraka, ndipo uguse kifuniko. Ni zaidi ya nusu saa, najua, na mzigo unasubiriwa. Ngozi haiuzwi dukani kama spea.

Fundi mwenyewe ni mzee aliyeanza kazi hii enzi za Bedford na Leyland. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye kazi yake, kisha akaniambia, "Karibu mwandishi, waitu, ila usisimame hapo, spana ikiponyoka haichagui."

Simu ya dereva ikalia. Ni tajiri wa gari, yuko mbali. Dereva akaiweka spika na kumsogezea mzee.

"Fundi, toa hiyo rejeta, funga nyingine, kesho gari liondoke. Huyo bwana kalichemsha mwenyewe kwa uzembe. Hiyo hela tutamalizana naye kwenye mshahara."

Dereva akatazama chini. Pembeni mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshaegesha baiskeli na mizani yake. Rejeta ya zamani ile ilikuwa ya shaba, na shaba ina bei. Kwa kawaida ndivyo inavyokwenda: rejeta inatoka, inapimwa, inaondoka, mpya inafungwa, hadithi imeisha.

Mzee akamwambia yule wa mizani, "Leo utasubiri. Haiondoki hapa sijaipasua."

Lakini kabla ya kuitoa alifanya jambo jingine. Aliacha injini ipoe kabisa, akajaza maji, akaacha kifuniko wazi, akawasha gari na kuinama akitazama mdomo wa rejeta. Nikamuuliza anatafuta nini. "Mapovu," akasema. Gasketi ya hedi ikiungua, moshi wa silinda unapenya kwenye njia ya maji na mapovu yanapanda mfululizo bila kukoma. Ukiyaona, unaweza kufunga rejeta tatu mpya na gari litaendelea kuchemsha. Alichomoa pia kijiti cha oili, akaipaka kwenye kidole, akaitazama juani. Oili iliyochanganyika na maji inakuwa na rangi kama ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi tu, oili ya kawaida iliyochoka.

"Hedi nzima," akasema. "Ana bahati alizima gari mapema."

Nilimwona dereva akipumua. Kumbe lile la kuzima gari mapema katikati ya kilima, huku magari ya nyuma yakipiga honi, ndilo lililookoa injini ya mtu anayemwita mzembe.

Basi kazi ikaanza. Kabini ikalazwa mbele. Maji yakafunguliwa chini, yakatoka mekundu kama udongo wa njia ya Kamachumu wakati wa masika. Ikafunguliwa mipira ya juu na ya chini, mabomba ya intakula, ile kava inayozunguka feni, kisha bolti za pembeni zilizokaa kwenye raba. Vijana wawili wakaishusha rejeta chini taratibu. Mapezi ya mbele yalikuwa yamezibwa na tope lililokauka, na katikati ya tope kulikuwa na mabawa ya senene. Kweli kabisa. Ukisafiri usiku kwenye msimu wa senene unawakusanya bila kukusudia, na hao wa kwenye rejeta hakuna anayewakaanga.

Hapo mzee akawasha moto. Rejeta ya shaba imeungwa kwa risasi na bati, ukiipasha moto kwenye maungio tangi la juu linaachia. Akalitoa, akanisogezea.

"Wewe msomi, soma."

Nikasoma. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa kutu na ukoko mweupe. Mingine tisa ilikuwa imezibwa makusudi kwa risasi. Kuna fundi fulani, sehemu fulani, aliona mrija unavuja akauziba juu na chini badala ya kuutengeneza. Ni njia ya haraka. Gari linaacha kuvuja siku hiyo hiyo na mteja anashukuru. Lakini kila mrija unaozibwa ni njia moja ya joto imefungwa.

Akaenda kwenye injini, akafungua nyumba ya themostati. Tupu! Kilichokuwemo ni alama tu ya mahali ilipokuwa.

Akachukua kifuniko, akabonyeza springi kwa kidole gumba. Ikaingia bila ubishi. Raba ilikuwa na ufa.

Kisha akamgeukia dereva. "Gari hili umepewa lini?"

"Miezi minne, mzee."

"Themostati ulitoa wewe?"

"Sijawahi kufungua pale."

Mzee akagonga ule ukoko kwa bisibisi. Haukubanduka. "Huu si wa miezi minne," akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Huu una miaka."

Naomba nisimame hapa kidogo, maana jambo hili lilinigusa kuliko nilivyoonyesha pale gereji.

Baba yangu alikuwa dereva. Mwaka 2013, nikiwa kidato cha pili, lori alilokuwa akiendesha lilichemsha karibu na Kemondo likiwa na magunia ya kahawa. Hedi ikapinda. Tajiri wake akasema ni uzembe, akamkata mshahara kwa miezi saba. Hapakuwa na barua wala kikao. Rejeta iliyotolewa iliuzwa chakavu siku ileile, na fundi hakuulizwa kitu. Ada ya shule za kutwa za serikali wakati huo, kabla haijafutwa mwaka 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiongeza michango. Mimi nilirudishwa nyumbani mara mbili. Mama akakata mikungu ya kibanjani kabla haijakomaa vizuri, akaiuza kwa bei ya kutupa, nikarudi darasani.

Baba mpaka leo hasemi kwamba alionewa. Anasema tu, "Gari lilinichemkia mikononi." Sina njia ya kujua ndani ya ile rejeta kulikuwa na nini. Hakuna aliyeipasua.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu ipo na haisomwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaeleza ni lini mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi mshahara kwa sababu ya hasara. Hasara iwe imetokea kazini na iwe imesababishwa na kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Ukikiukwa utaratibu huo, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe wanaiita CMA.

Rudia pale kwenye "kosa la mfanyakazi". Nani ataonyesha kosa ni la nani, kama rejeta imeshapimwa kwa kilo na kupakiwa kwenye baiskeli? Ndiyo maana nasema rejeta ya zamani ni ushahidi. Tajiri mwenye haki inamlinda, maana kama dereva kweli alijaza maji ya tope na kupuuza geji, itaonekana pia. Chuma hakina upande.

Mzee wa Rwamishenye alipiga picha nne kwa simu yake: mirija, zile sehemu zilizozibwa, nyumba tupu ya themostati, na kifuniko. Akamtumia tajiri kwa WhatsApp, kisha akampigia. Sikumsikia akimtetea dereva hata kwa neno moja. Alieleza alichokiona, akataja miaka, akanyamaza. Upande wa pili ukanyamaza pia kwa muda mrefu, hadi nikadhani mtandao umekata.

"Haya fundi. Fanya inavyotakiwa. Hiyo ni yangu."

Dereva hakushangilia. Aliinuka akaenda kununua maji ya kunywa, akarudi na chupa tatu, moja akampa utingo na kumfungulia kizibo, maana yule kijana alikuwa na mkono mmoja tu.

Na huyo kijana? Rejeta ilipata mwenyewe, mkono wake haukupata. Tajiri alisema hamjui, kwamba utingo ni wa dereva. Ndivyo ilivyo kwenye magari mengi: utingo analipwa na dereva kutoka kwenye posho, hana mkataba, jina lake halipo popote. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyouunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mahsusi kwa ajili ya wanaoumia kazini. Lakini mtu ambaye hajaandikwa popote anaanzia wapi? Dereva alimpeleka zahanati kwa hela yake mwenyewe. Nawaachia hilo wenye mamlaka na wenye magari.

Turudi kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokosea tukidhani tumepatia. Sisi watu wa Bukoba maji si tatizo letu. Tuna ziwa, tuna mto Kanoni unaokatiza mjini, na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Gari likikohoa, utingo anashuka na dumu hadi bondeni, anajaza. Maji ni maji, si ndiyo?

Siyo. Maji ya bondeni yana udongo na yana chumvichumvi zinazogeuka ukoko kwenye mirija, kama ule unaouona ndani ya birika la nyumbani. Ukoko mwembamba tu unazuia joto kupita. Kama huna kabisa cha kuweka, maji safi ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kijito. Lakini hata hayo peke yake hayatoshi, kwa sababu hayana dawa ya kutu.

Na kwenye injini kubwa kama za Scania kuna ugonjwa mwingine. Silinda zake zina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Injini ikinguruma laina inatetemeka, mtetemo unazalisha vipovu vidogo sana kwenye maji, na vipovu hivyo vikipasuka vinaila laina kidogo kidogo hadi inatoboka tundu kama la sindano. Maji yanaingia kwenye oili, na injini inashushwa. Dawa iliyomo kwenye kulanti inaweka utando unaoikinga laina. Kwa hiyo ile kulanti ambayo watu wanaiona ni maji ya rangi ya kuwaibia pesa, kazi yake kubwa huku kwetu ni kuzuia kutu na vipovu. Barafu hatuna.

Jingine ni themostati. Huu ni ugomvi wa kila gereji kuanzia Hamugembe hadi Muleba. Themostati ni kimlango kinachoendeshwa na nta. Maji yakiwa baridi kinafunga ili injini ipate joto upesi, yakifika kiwango chake, mara nyingi nyuzi 76 hadi 82 kwa malori ya Kijapani, nta inavimba na mlango unafunguka. Mafundi wengi wanaitoa na kuitupa. "Nchi ya joto hii, ya nini?" Wanasahau mambo mawili. Injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kulika upesi. Na kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inafunga pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, sehemu ya maji inazunguka bila kupoa. Umeitoa ili gari lisichemshe, na kwenye mlima ndiyo kwanza linachemsha.

Themostati mpya ya Fuso ile ilijaribiwa mbele yangu. Mzee alimtuma kijana kwa mama ntilie akaazime sufuria, mama akaitoa kwa sharti kwamba irudi imesuguliwa. Maji yakawekwa jikoni, themostati ikaning'inizwa kwa waya pamoja na kipimajoto. Kwenye nyuzi 82 tukaona mlango unaanza kusogea. "Hata ikiwa mpya kwenye boksi, jaribu," mzee akasema. "Boksi halipozi injini."

Kabla ya kuweka rejeta nyingine waliisafisha kwanza njia yote ya maji ndani ya injini, wakapitisha maji ya bomba kinyumenyume hadi yakatoka meupe. Hapa nawaomba wenye magari muelewe: ukifunga rejeta mpya juu ya injini chafu, kutu yote iliyokuwa kwenye injini inahamia kwenye mirija mipya. Wakabadilisha mipira, klipu, mkanda na kifuniko. Wakajaza kulanti taratibu huku kifuniko kikiwa wazi, injini ikawashwa, themostati ilipofunguka usawa ukashuka, wakaongeza, hewa yote ikatoka. Ndipo kifuniko kikafungwa. Kazi ya siku moja na nusu. Ile ya "toa, weka" ingekuwa saa chache.

Rejeta iliyofungwa ilikuwa ya alumini yenye matangi ya plastiki. Hilo lilimsikitisha mzee kidogo. Ile ya shaba angeweza kuichongea mirija mipya, kuiunga, kuirudisha barabarani. Hii ya sasa ni nyepesi na inapoza vizuri, ila tangi la plastiki likipasuka haliungwi kwa risasi, na gundi haidumu kwenye moto na presha. Inatupwa, inanunuliwa nyingine. Aliniambia vijana anaowafundisha wanajua kufungua na kufunga, lakini kuunga wanaona ni kazi ya wazee.

Nikakumbuka jambo nililolisoma nikiwa chuo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wafua chuma wa Buhaya wa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Walieleza kwamba mirija ya udongo iliyotoka kwenye mivukuto iliingizwa ndani ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda sana. Sehemu ya mabaki hayo ilichimbwa huko huko Kemondo, zinakopita Fuso zetu. Nilimsimulia mzee. Akacheka, akasema wale walikuwa wanatafuta joto na yeye analifukuza, lakini wote wanafanya kazi ya kuchagua kinachopita kwenye mrija.

Wadau, nimeandika sana, nimalize.

Mwenye gari: gari likichemsha, usianze na bei ya rejeta. Anza na swali la imeziba kwa nini, na uliza kuhusu kifuniko, mkanda, themostati na maji. Vyote hivyo kwa pamoja ni nafuu kuliko hedi moja.

Fundi: mwonyeshe mteja ulichokikuta ndani. Jina lako litakua kwa hilo.

Utingo: subiri kipoe. Atakayekusukuma ufungue haraka hatakuwepo wakati wa kubadilisha bandeji.

Na wewe dereva, mwenzake baba yangu. Rejeta ikitolewa kwenye gari lako, simama pale. Omba ifunguliwe mbele yako, piga picha, andika tarehe, na uulize gari lilifanyiwa nini kabla hujakabidhiwa funguo. Ukiitwa kukatwa mshahara, omba maandishi. Huyo wa mizani na baiskeli atasubiri, shaba haiozi.

Safari njema kwa wote mnaopandisha leo.